Rangi ya Sabato

Gesare alikivuta kitambaa cha sita kutoka sufuriani, akakikamua, akakitundika kwenye kamba nje ya jiko. Jua la Jumamosi lilikuwa limekwisha kuzama, Sabato imepita, kazi ruhusa. Kitambaa kilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Tena?" aliuliza Orpah, jirani yake na mwenzake wa kikundi cha kutia rangi.

"Tena."

Mikono ilimuuma hadi viwikoni. Wiki sita anabandua magome ya mti wa muwati, anayatwanga, anayachemsha. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, anaipua sufuria, anaacha kitambaa humo humo na kwenda zake kuabudu. Vilevile kama Sabato ile ya kwanza, aliporudi akakuta kitambaa kimeiva rangi ya wingu la mvua. Natasha, mnunuzi kutoka Kisii mjini, alikishika asitake kukiachia. Akaleta mitandio arobaini myeupe, yote itiwe rangi hiyo. Kesho asubuhi angekuja kuona walau mmoja. Akiukosa, kazi yote inahamia kwa akina mama wengine.

"Kwani Mungu alikutilia rangi mara moja akachoka?" Orpah alimtania. Maana Gesare alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu ndiye aliyemfanyia kazi yeye akiwa ibadani. Mumewe Ondieki, mzee wa kanisa, ndiye aliyeongoza amina.

"Niache, dada."

"Haya basi, kitendawili. Maji yale, gome lile, mpishi yule, mchuzi mwingine."

"Nakupa mji. Chukua Ogembo, na soko lake. Nipe jibu."

"Ogembo nimeila, ila jibu hata mimi sina." Orpah akacheka kidogo, akajifunga kanga, akaenda kwake.

Gesare alimgeukia mumewe, aliyekuwa amekaa mlangoni. "Baba Ronny, siku ile wewe ndiye ulibaki hapa. Hakuna aliyeigusa sufuria?"

"Mgongo ulikuwa umenilaza. Ningemwona nani?"

Gesare akakaa chini palepale, akaegemeza kichwa ukutani. "Basi. Kesho huyo msichana achukue vitambaa vyake. Nimechoka, Baba Ronny. Nimechoka hata kuomba."

Ondieki akainuka, akaingia stoo, akatoka na jembe lililoliwa na kutu. Akalizamisha sufuriani. Pole pole, kuzunguka chuma, maji yakaanza kuingia giza, giza lile lile la wingu la mvua.

"Sabato ile mchungaji alikuja kuniona mgonjwa," alisema, macho chini. "Nikamsikia langoni, nami niko katikati ya maharagwe napalilia. Sikuona pengine pa kulificha jembe ila humu."