Uzi wa Kijani

"Bibi, kifungo hiki kinataka kudondoka," mteja nisiyemjua aliniambia, akalitandaza koti jeusi mezani, kando ya cherehani yangu.

Nikavaa miwani. Kifungo kilishonwa kwa uzi wa kijani, na lile fundo nene kama chunusi lilikuwa la mkono wangu.

Mwaka juzi, kando ya jirani yetu aliyeuawa, kiliokotwa kifungo chenye uzi kama huu. Mahakamani niliapa kwamba niliutumia kwenye koti moja tu, la kinyozi wetu, siku uzi mweusi uliponiishia. Kinyozi alilia kwamba koti lake liliibwa.

"Una hakika, mama?" jaji aliniuliza. "Shaka ikiwepo, ni haki ya mshtakiwa."

"Mheshimiwa, waume nasahau, makoti sisahau."

Watu walicheka. Kinyozi alifungwa maisha.

Sasa hili ndilo lililoibwa, au nilishona mawili? Kichwa kilinivurugika kama kapu la vitambaa. Kifungo cha chini hakikufanana na vingine. Kilishonwa na fundi mwingine.

"Vipi, bibi?"

"Liache mpaka kesho, mjukuu wangu. Uzi mweusi umeniishia."

Sote wawili tukaitazama cherehani. Sindano ilikuwa imetungwa uzi mweusi.