Ganda la Mbayuwayu

Mbayuwayu, ndege wa maswali mengi, alianguliwa Bwawa la Juu, lakini alikulia Bwawa la Chini na huko ndiko alikolipa kodi yake ya nzi.

Siku moja Korongo, mtoza kodi wa Bwawa la Juu, akamjia.

"Lete na nzi wetu."

"Kwenu nimekula nini, bwana?"

"Si kula. Ulianguliwa kwetu. Ganda la yai lako tunalo."

Mbayuwayu akawa analipa kotekote. Kiangazi kikakausha Bwawa la Chini, naye akakimbilia la Juu. Korongo akamzuia.

"Mgeni, rudi ulikotoka!"

"Na ganda langu?"

"Ganda tunalijua. Wewe hatukujui."

"Basi mwakani mtamdai nani nzi: mimi msiyenijua, au ganda lisiloweza kuruka?"

Korongo akakunja mguu mmoja apate kuwaza. Hajaushusha hadi leo.