Ndoo Nzima ya Kokoto

Mchemraba wa mwisho wa sampuli ya zege la jengo ulipasuka kwenye mashine ya kupimia nguvu, na mzee mpimaji akainama kuuokota, mgongo ukimuuma. Kokoto zilikuwa zimekatika katikati, kila nusu bado imeng'ang'aniwa na saruji. Ndivyo zege zuri linavyovunjika. Kokoto ikiwa na vumbi, saruji haiishiki. Kokoto huchomoka nzima, kama jino la mtoto.

"Hongera," alimwambia mkwewe, msimamizi wa ujenzi, aliyekuwa akisubiri saini. "Kokoto mmeziosha sawasawa."

"Tumeziosha haswa, baba. Ndoo nzima, mpaka maji yakatoka meupe."

Kalamu ikasimama. Ndoo moja inatosha michemraba hii ya kupimwa tu. Jengo lenyewe lilikuwa limeshameza malori arobaini ya kokoto.

"Na zile za malori?"

Mkwe akainamia viatu vyake. Mzee naye akavitazama. Vumbi la kokoto lilikuwa limevifunika mpaka kwenye kamba.

"Baba, maji yenyewe ya kubeba mgongoni. Watu wamechoka. Hata mimi nimechoka."

"Sote tumechoka, mwanangu."

Akaifunika kalamu taratibu, bila kutia saini.

"Mafundi wako, saa hizi, wako ghorofa ya ngapi?"