Maji ya Mwenye Jicho

Mimunt alitawadha juu ya beseni, akihakikisha hakuna tone linalodondoka nje. Uso, mikono mpaka viwikoni, miguu, na hata magoti, ambayo si ya udhu wa kawaida. Kisha akayamimina maji yale ndani ya chupa taratibu, akaifunga, akaificha kikapuni chini ya mikate aliyoioka asubuhi ile.

Nyumba ya wifi yake Luiza ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwake, hapo hapo Antwerp, Ubelgiji. Njiani alisoma Ayatul Kursiy, akakwama katikati. Tangu utotoni hakuwahi kukwama.

Yote yalianza Jumapili moja, mwezi uliopita, katika ukumbi wa wanawake msikitini. Wasichana walishindana kusoma Kurani. Wafaa, binti yake Mimunt, alichanganya aya ya tatu akashuka jukwaani akilia. Akapanda Nuhaila, binti wa Luiza, akasoma Surat Maryam kwa sauti iliyowafanya watu wazima wafunike nyuso kwa mitandio. Luiza peke yake hakulia. Alikaa akiukunja na kuukunjua mtandio wake mapajani.

Mimunt hakusema Mashaallah. Alisema moyoni: sauti hiyo na ikauke.

Jumatatu asubuhi Nuhaila aliamka hana sauti.

Hospitali walimwingizia kamera kooni, wakasema koo ni zima. Luiza akawa anamsomea Qul-audhu asubuhi na jioni, anapuliza viganjani, anampangusa kuanzia utosini mpaka miguuni. Wiki ya tatu akaitwa Haji Buzian, mzee aliyeaminika kwa kisomo. Alisoma saa nzima, akafunga msahafu.

"Hili ni jicho la husuda," alisema, "na si la mtu wa mbali. Mwenyewe anajijua. Atawadhe, na maji yake amwagiwe huyu mtoto. Shifaa iko kwa Mungu."

Sebuleni mlikuwa na wanawake kumi na kitu. Wote walitazama zulia.

Siku tano Mimunt alikula bila kusikia ladha ya chakula. Kila akisujudu, alimwona yule mtoto akifungua kinywa na kutoa pumzi tupu. Kukiri hakuthubutu. Nuhaila alikuwa mtoto wa kaka yake, damu yake mwenyewe. Ukoo mzima, wa hapa na wa kule kwao Rif, Moroko, ungemwita mla watoto. Akaamua atayatia maji yake kwenye ndoo ya kuogea ya mtoto, kimyakimya, kisha amwachie Mungu.

Kwenye ngazi alipishana na mke wa imamu akishuka na mkoba mtupu begani.

"Nilipita tu kumjulia hali mgonjwa," alisema yule mama, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Nuhaila ndiye aliyefungua mlango. Alimbusu shangazi yake mkono, akampokea kikapu. Mimunt alikuwa ameshaichomoa chupa na kuiingiza chini ya koti. Mtoto akachukua daftari lake akaandika: *Shangazi, Wafaa mbona haji? Mwambie nimemkumbuka.*

"Ana masomo mengi, mwanangu," Mimunt alisema, na macho yakamwasha. "Ngoja nipite msalani."

Ndoo ilikuwa tayari bafuni, maji yake yamepondewa majani ya mkunazi. Mimunt alifungua chupa, akapiga bismillahi, akainamisha mkono. Mlango ukafunguka.

"Wifi," Luiza alisema, "mlango huu una komeo."

Mimunt alisimama na chupa mkononi.

"Maji gani hayo?"

"Zamzam."

Luiza aliichukua, akainusa. "Zamzam ya siku hizi inanuka sabuni."

Mimunt alipiga magoti kwenye vigae. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja: Wafaa, aya ya tatu, lile neno alilolisema moyoni. Alisubiri kofi, au kelele, au simu ya kaka yake.

"Inuka, sakafu ina baridi," Luiza alisema. "Njoo huku."

Alimwongoza mpaka kibarazani, nyuma ya jiko. Chini ya nguo zilizoanikwa zilipangwa chupa, zimeegemezwa ukutani, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina.

"Hii ya mke wa imamu, imefika sasa hivi. Yule wa ghorofa ya chini alileta kwenye birika, ikabidi nihamishe. Mwalimu wa Kurani kaleta mbili. Anasema alimtazama mara mbili." Luiza aliiweka chupa ya Mimunt mwisho wa mstari. "Yako ni ya tisa."

Kicheko kilimponyoka Mimunt, chenye machozi ndani yake. Mzigo wa siku zote zile ulishuka mabegani. Halafu akatazama zile chupa tena, zote zimejaa, na akapata hasira.

"Mbona hujammwagia hata moja? Mtoto hana sauti, wewe unapanga chupa kama mwenye duka?"

"Haziwezi kuanza hizo," Luiza alisema. "Kuna ya kwanza, na hiyo ndiyo inayonishinda. Nikimmwagia, atataka kujua ni ya nani. Kumdanganya siwezi."

Mimunt aliinama. Kwenye kona kabisa, nyuma ya nyingine zote, palikuwa na chupa moja isiyo na jina.

"Na hii ni ya nani?"

Luiza aliufunga kwanza mlango wa kibaraza ili mtoto asisikie.

"Ni yangu," alisema. "Ukumbini hata mimi sikusema Mashaallah. Niliijaza Jumatatu ile alfajiri, yeye bado amelala."