Kitufe Chekundu cha Mbaraka

Siku Mbaraka alipozikwa, Lameki aliamini ameifuta sauti ya rafiki yake.

Alitoka makaburini na udongo kwenye viatu, akaingia moja kwa moja katika chumba chao cha kurekodia, nyuma ya soko la Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Akawasha mashine ya midundo. Vitufe vyake kumi na sita alivipanga Mbaraka; Lameki alikuwa mwimbaji tu, alijua kugusa na ngoma ikalia. Kile chekundu kilikuwa na salamu ambazo Mbaraka alimrekodia mama yake, asubuhi ile kabla pikipiki haijamwangusha pale Muhuta.

Kwa haraka akabonyeza viwili kwa pamoja, akahofia amefuta kitu. Akagusa chekundu. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

Ijumaa iliyofuata, Mama Asiya binti Swedi, mama yake Mbaraka, alibisha hodi.

"Mutoto wangu aliniambia kaniwekea maneno humu."

Lameki alitaka kusema ukweli, lakini akaizima mashine.

"Mashine iko na shida kidogo, Mama. Rudi saa kumi."

Alipobaki peke yake akafunga mlango, akabana koo, akaiga sauti ya rafiki yake: "Mama, ni mimi. Niko salama. Usihangaike." Akaiweka kwenye kitufe cha pembeni.

Saa kumi Mama Asiya aliisikiliza macho yakiwa chini.

"Asante, mwanangu," alisema. Akaacha mezani samaki, mukeke wa kukaanga, umefungwa kwenye jani la mgomba. "Kula, Lameki. Umekonda."

Tangu hapo hakukosa Ijumaa hata moja. Miezi minane Lameki alicheza uongo wake, akala samaki wa mama wa watu. Njiani alipomwona kwa mbali, alikata kona.

Ijumaa moja Mama Asiya aliinamia mashine.

"Hiki chekundu chenye kinawaka, mbona hukigusi?"

"Kimekufa, Mama."

"Yeye alikuwa anakigusa?"

"Sana."

Akaweka kidole juu yake, akakiacha pale, kama anayepima homa ya mtoto.

Upepo wa ziwa ukavuma kwenye spika. Kisha kicheko. "Binti Swedi, unanisikia? Nikirudi nikute mukeke! Visamaki vyako vya ndagala vimenichosha!"

Alipoinua kidole, sauti ilikatika. Alipokirudisha, upepo ukaanza upya. Mbaraka alikipanga kitufe kile kiimbe kikishikiliwa tu; Lameki hakuwa amefuta chochote.

Lameki aliteleza kutoka kitini mpaka chini.

"Ile nyingine ilikuwa sauti yangu, Mama. Nisamehe. Nilikudanganya."

Mama Asiya aliufuta uso wake kwa ncha ya kitenge, kidole bado kiko palepale.

"Mbaraka hakuniambia hata siku moja nisihangaike," alisema. "Nilijua tangu Ijumaa ya kwanza. Inuka, samaki anapoa."

Bado anakuja kila Ijumaa, saa kumi. Anasikiliza sauti zote mbili, na huomba ya Lameki kwanza.