Kidole cha Mume

Lori la mbata za nazi lilimshusha mwanamke mlangoni mwa hospitali, amefunikwa kanga hadi usoni, likaondoka. Alikuwa na uchungu wa siku ya pili. Mtoto alikuwa amekwama.

"Mume wa huyu yuko wapi?" Sista Bertha aliita barazani. "Asipotia kidole karatasini, daktari hashiki kisu."

Safari, mikono imechanwachanwa na mkonge, aliinuka kwenye benchi. "Nipo."

"Sasa unakaa huko kama mgeni?" Bertha alimvuta mkono hadi mezani kwa karani. "Daktari ni mmoja, na saa nane anapanda gari la moshi kwenda Korogwe. Tuna saa moja tu."

Manase, karani, alichovya kalamu, akamwuliza jina lake, akaliandika. "Na la mkeo?"

Safari alitazama sakafu.

"Bwana, jina."

Nyuma ya pazia mwanamke aliguna, mguno mfupi wa mtu aliyechoka kulia.

Manase akacheka chini chini. "Sista, wewe umetoka milimani, huwajui hawa wa pwani. Hataji jina la mkewe mbele za watu hata umtie pingu. Naandika Mke wa Safari, basi."

"Andika upesi."

"Amewahi kuzaa?"

"Hayo mwulizeni mwenyewe."

Bertha alisonya. "Wanaume."

Manase alimsogezea kisahani cha wino. "Karatasi hii ni ya serikali ya Malkia," alikariri, kama alivyowakariria wote. "Anayesema uongo juu yake anafungwa. Mgonjwa akifa mezani, usije na ndugu zako kutufanyia fujo. Umekubali?"

Safari alichovya kidole gumba kwenye wino, akakizuia juu ya karatasi.

Bertha akalegeza sauti. "Usiogope. Shukuru umewahi. Kabla sijahamishiwa hapa palikuwa na mmoja, mumewe kibarua wa mkonge huko Pongwe. Alipofika kutia kidole, mkewe amekwisha kufunikwa shuka."

"Najua," alisema Safari, akabonyeza.

Machela ikapita mbio. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Safari hakurudi kwenye benchi. Alisimama ukutani, akikisugua kidole kwenye shuka alilojifunga kiunoni, na wino haukutoka. Kila mlango ulipolia alishtuka. Alimwomba Mungu, akamwomba tena, maneno yakamwishia.

Saa nane kasorobo daktari alitoka na mkoba wake, akaenda zake bila kumtazama mtu. Safari alimfuata kwa macho hadi langoni.

Ndipo Bertha akatokea, aproni ina damu, anatabasamu. "Wa kiume. Na mama yake mzima. Haya, baba mtoto, njoo umpe pole mkeo."

Wodini mlikuwa na vitanda sita, na wanawake sita. Safari alisimama mlangoni, akazitazama moja moja zile nyuso asizozijua.

"Sista," alinong'ona, "ni yupi?"