Kijani Juu ya Bati

Tangu mpaka wa hifadhi uanze kufuata kijani kinachoonwa na setilaiti, Namkunda alikuwa aking'oa kila chipukizi uani kwake. Penye majani ni msitu, na msituni binadamu hana chake.

Leo alirudi kutoka sokoni akakuta nyumba imezungushiwa uzio. Shemeji yake Mbonea, askari wa hifadhi, akamzuia.

"Uani kwangu hakuna hata jani!"

"Tazama juu, shemeji."

Mmea wa maboga ulikuwa umetambaa kutoka kwa jirani wa nyuma, umefunika bati lote. Namkunda akashika kichwa.

"Mama yumo ndani! Mama yako mzazi!"

"Humo hamna mtu, shemeji. Ni msitu."

Ndani, bibi kizee akakohoa. "Mbonea, ni wewe, mwanangu?"

Mbonea akaandika kwenye simu: mnyama mmoja, jike, mzee.